Siku Nilipowapigia Kigelegele Watu wa Ng'ambo

Mume wangu alifundisha timu yetu ya mpira kwa misimu minne, na katika msimu wa nne hapakuwa na mtu katika kijiji kizima cha Mpemba aliyetaka aondolewe kuliko mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu waliohamia pale baadaye wamesimuliwa kwamba nilikuwa mke mvumilivu, niliyemtetea mume wangu watu walipomgeuka. Sikumtetea. Nilikuwa mmoja wa waliomgeuka, na sikuwa wa mwisho kati yao.

Miaka hiyo ya hamsini mwanzoni, mpaka wa Tunduma ulikuwa nguzo chache na mti uliolazwa barabarani. Sisi Wanamwanga tulikuwa pande zote mbili. Mama yangu alizaliwa ng'ambo, yaani upande wa Rodesia ya Kaskazini, akaolewa na baba yangu huku Mpemba. Wajomba zangu tuliwatembelea kwa miguu, tukala, tukalala, tukarudi, na askari wa mpakani walitusalimia tu. Kwenye mazishi hukuweza kujua nani ametoka upande gani.

Mpira ndio uliotutenganisha. Vijana waliochaguliwa kutoka Mpemba, Tunduma na vijiji vya jirani walicheza na timu ya ng'ambo mara tatu kwa mwaka: Krismasi, Pasaka, na baada ya mavuno. Kwenye barua za Boma timu yetu iliitwa timu ya mpakani. Watu waliiita Timu ya Tanganyika. Ile timu iliyochaguliwa kule Dar es Salaam kucheza na Kenya na Uganda hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Hawa wetu ndio waliokuwa taifa, na aliyewafundisha alionekana kama amekabidhiwa nchi.

Mume wangu alikuwa Mndali kutoka milima ya Ileje. Alikwenda vitani Burma, na huko jeshini sajini mmoja Mzungu akamfundisha mpira pamoja na hesabu. Aliporudi akasomea ualimu, akapangiwa shule ya misheni ya Mpemba, akaniona kanisani, akanioa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu anayekaguliwa. Kinamwanga chake kilikuwa kibovu, wanafunzi walimwiga nyuma ya mgongo wake. Hakujali. Hilo la kutojali watu wanasema nini nililipenda sana nilipoolewa.

Msimu wa kwanza tulishinda mechi zote mbili za mwanzo, ya tatu tukatoka sare. Watu walimbeba mabegani kutoka Tunduma mpaka njia panda, akaniletea nyumbani suruali imechanika. Wiki ile tulipata kuku sita na mtungi wa asali. Kijitoni wanawake walinipisha nichote maji kwanza, wakaniita Mama Mwalimu, hata wale walionizidi umri. Nilizoea upesi. Mtu huzoea upesi mambo ya namna hiyo.

Msimu wa pili tulishinda mechi moja. Msimu wa tatu hatukushinda hata moja.

Nitasema haki yake hapa. Ng'ambo walikuwa wamepata watu. Vijana wao waliokwenda kwenye migodi ya shaba walikuwa wanarudi likizo, na kule migodini walicheza kila Jumapili kwenye viwanja vyenye majani, wakiwa na viatu vya mpira. Wetu walikuwa wakulima. Mume wangu alimfundisha winga kwa mwaka mzima, na winga alipokuwa ameanza kuelewa, akachukua blanketi lake akaenda migodini. Mwaka uliofuata tulimwona winga yuleyule Tunduma, akiwa na viatu miguuni, upande wa pili. Mume wangu aliieleza kamati jambo hili. Wakamwambia mwalimu anayefungwa hakosi sababu.

Na sasa nitasema makosa yake. Hakumweleza mtu jambo mara mbili. Mchezaji akiuliza kwa nini arudishe mpira nyuma wakati goli liko mbele, yeye alimtazama tu, kama anavyomtazama mtoto aliyeshindwa kujumlisha. Alitaka pasi fupi fupi, pasi kumi kabla ya kupiga goli, na watu waliotembea saa mbili kuja kutazama mpira walitaka kuona mpira unapigwa. Halafu kulikuwa na kipa. Kipa wetu alikuwa seremala wa misheni, Mndali kama yeye, na kila goli lililoingia watu walisema limeingia kwa sababu ya undugu. Siku moja nilimwomba ambadilishe, angalau kwa mechi moja, ili midomo ipumzike.

Akasema, "Hakuna mwingine anayeweza kushika mpira bila kufumba macho."

Ilikuwa kweli. Niliwajua wote. Lakini hakwenda kumwambia mtu mwingine yeyote ukweli huo, aliniambia mimi tu, jikoni, na mimi ndiye niliyebaki nao.

Kosa kubwa lilimhusu mdogo wangu. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa senta fowadi. Kazi yake ilikuwa utingo kwenye lori lililopita barabara kuu, na alikuja mazoezini lori lilipomruhusu. Alikuwa na mbio na alikuwa na maneno, na watu walimpenda kwa yote mawili. Jumamosi moja ya msimu wa nne, wiki mbili kabla ya Pasaka, alifika uwanjani akiwa amekunywa. Mume wangu hakumgombeza. Alimwambia azunguke uwanja mara kumi, wenzake wakiwa wamekaa chini wanamtazama.

Mdogo wangu akasema hazunguki. Mume wangu akasema basi hachezi, mpaka aombe radhi mbele ya hao hao waliokaa. Mdogo wangu akavua jezi, akaitupa chini, akaenda zake. Jezi ile niliifua mimi, kama nilivyofua zote.

Pasaka tulicheza kwenye matope bila senta fowadi, tukafungwa manne.

Kuanzia hapo maisha yetu yalibadilika. Kijitoni wanawake waliacha kuongea nilipofika, na nilipogeuza mgongo nilisikia wameanza tena. Hakuna aliyenipisha. Dukani Tunduma, mwenye duka aliniambia chumvi imekwisha, na aliyeingia nyuma yangu nikamwona anatoka na chumvi. Mama yangu alikuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye mkeka, akakataa chakula. Aliniuliza kama mume wangu anajua kwamba aliyemfukuza ni mtoto wa tumbo moja na mimi. Nikamjibu anajua. Akaondoka, na hakuja tena mwaka ule.

Kanisani mwinjilisti alihubiri juu ya kiburi Jumapili tatu mfululizo. Hakutaja mtu. Hakuwa na haja, kwa sababu benchi letu tulikuwa tumekaa peke yetu, mimi, mume wangu na binti zetu wawili, na watu wamebanana kwenye mabenchi mengine.

Asubuhi moja nilifungua mlango, nikashindwa kutoka. Magoli ya uwanja wa mazoezi yalikuwa yameng'olewa, nguzo zote nne na miti ya juu, yakapangwa mlangoni kwetu mti mmoja juu ya mwingine kama kuni. Miti ile mume wangu aliikata mwenyewe msituni na kuibeba mwenyewe. Alitoka kupitia dirishani, akaiondoa mmoja mmoja, akairudisha uwanjani, akachimba mashimo upya, akaenda shule. Hakuuliza ni nani. Mimi nilijua, maana waliofanya vile walikuwa wamesahau jembe lao, na jembe lile lilikuwa la jirani aliyetuletea kuku msimu wa kwanza. Nikalipeleka kwake, nikaliweka mbele ya mke wake, nikamwambia amrudishie mumewe. Alilipokea bila aibu. Aliniambia, "Mwambie naye arudishe timu yetu."

Nilitaka kumpiga. Nilipokuwa njiani kurudi, hata hivyo, niligundua kwamba sikumkasirikia yeye sana. Nilikasirika kwa sababu alisema nilichokuwa nataka kukisema mimi.

Maana nyumbani kulikuwa kubaya kuliko nje. Mume wangu alipunguza maneno mpaka yakabaki ya lazima. Jioni alichukua mahindi kumi na moja na maharage kumi na moja, akayapanga kwenye mkeka, akayasogeza huku na huku. Nilikatazwa kuyafagia. Binti yetu mkubwa aliyakanyaga bahati mbaya, na baba yake, ambaye hakuwahi kumgusa, akamzaba kofi. Shuleni nako alianza kuwachapa watoto kwa makosa ambayo zamani aliyapuuza. Alimchapa mtoto wa mmoja wa waliompigia kelele uwanjani, na kila mtu akajua kwa nini. Nilimwuliza kama alijua alichofanya. Akasema mtoto hakufanya hesabu zake. Hapo ndipo nilipomchoka. Kufungwa nilikuwa nimekuvumilia, lakini uongo ule sikuuvumilia.

Nilimwambia aache timu. Nilimwambia kwa upole kwanza, nikimwita baba watoto, nikisema afya yake, nikisema watoto. Nikamwambia tena bila upole. Alinijibu kwamba mtu akiacha kazi katikati wenzake hufa. Niliona anaongea habari za Burma, nikamwambia hapa hakuna anayekufa. Akasema hilo ndilo lililowafanya wacheze ovyo.

Baada ya mavuno, ikafika mechi ya Tunduma. Ilikuwa Julai, baridi, upepo unapuliza vumbi kutoka upande wa barabara. Niliamka mapema nikapiga pasi jezi zote, nikaweka mkaa mara mbili kwa sababu ya ubaridi. Zilikuwa jezi nyeupe zenye mstari wa buluu, Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma, alizitoa, na kuzifanya ziwe nyeupe kwa udongo ule wa kwetu ilikuwa kazi ya siku tatu. Nilimpa mume wangu kifurushi, akaniambia asante. Ndilo neno pekee aliloniambia siku ile.

Tulipofika uwanja ulikuwa umejaa. Ng'ambo walikuja kwa malori mawili na wengine kwa miguu, wanaimba. Timu yao ilipoingia niliwatazama kama kawaida, kuona nani karudi kutoka migodini. Wa mwisho kuingia, akiwa amevaa jezi nyekundu, alikuwa mdogo wangu.

Sikuwa najua. Mama alijua, nilikuja kuambiwa, kwa sababu alikuwa amekaa kwa wajomba mwezi mzima na mjomba ndiye aliyekwenda kuongea na watu wa timu yao. Walisema mtoto wa dada yao ni mtoto wao, na kwa mila zetu walikuwa sawa. Refa hakuwa na la kupinga.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni ya mstari, mikono nyuma. Alimwona. Sikuona uso wake ukibadilika.

Mpira ulipoanza, vijana wetu walicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona. Walipasiana kama alivyowafundisha, fupi fupi, na kwa muda wa kama nusu saa ng'ambo hawakugusa mpira ila kwa bahati. Kama ningekuwa mtu mwingine ningeona fahari. Kisha beki wetu akateleza, mpira ukamfikia mdogo wangu, naye akaondoka nao kama alivyozoea, kichwa chini, viwiko nje, akampita seremala na kuuweka wavuni. Nasema wavuni, lakini wavu haukuwepo, mpira ulikwenda mpaka kwenye miguu ya wanawake.

Hapo ndipo watu wa upande wetu walipofanya jambo ambalo hawakupenda kulikumbuka baadaye. Walishangilia. Walirusha kofia juu. Watu wa Mpemba na Tunduma, waliokuja kuona Tanganyika ikicheza, walipiga makofi Tanganyika ilipofungwa, kwa sababu walijua kila goli linamsogeza mwalimu karibu na mlango. Vijana wetu uwanjani waligeuka kuwatazama baba zao wanafurahi. Baada ya hapo hawakucheza tena. Walisimama tu.

Kipindi cha pili mdogo wangu akafunga la pili. Alilipiga kutoka mbali, likagonga nguzo likaingia, na kabla sijajua nimesimama nilikuwa nimesimama, na kigelegele kikanitoka. Kilikuwa kirefu. Nilikuwa maarufu kwa kigelegele tangu nilipokuwa msichana, harusini waliniita nitangulie, na sauti yangu ilijulikana. Mwanamke mmoja wa ng'ambo aliyekuwa karibu yangu alinishika mikono yote miwili akaniambia "natotela", yaani asante kwa Kibemba. Alidhani mimi ni wa kwao.

Mume wangu aligeuka. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, lakini aligeukia pale pale nilipokuwa, bila kutafuta. Tulitazamana. Kisha akageuza uso akaendelea kutazama mpira mpaka firimbi ya mwisho. Tulifungwa matatu kwa sifuri.

Nimejiuliza mara nyingi kigelegele kile kilikuwa cha nani. Nikisema nilimfurahia mdogo wangu, nitakuwa nimesema nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya kumwumiza yule aliyesimama na mikono nyuma. Nilitaka asikie. Na alisikia.

Kutoka Tunduma mpaka Mpemba tulitembea wote wanne, yeye mbele, mimi na watoto nyuma. Njiani watu walitupita wakicheka. Kijana mmoja aliimba wimbo wa mwalimu anayefundisha maharage kucheza. Ndipo nilipojua kwamba binti zangu walikuwa wamesimulia habari za mkeka ule kwa wenzao, na kwamba kijiji kizima kilikuwa kimekaa nasi chumbani jioni zote zile.

Kamati ilikutana Jumatano iliyofuata, mchana, kwenye darasa la nne baada ya watoto kutoka. Mwenyekiti alikuwa karani wa baraza, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Wajumbe walikuwa wanane, pamoja na mwinjilisti. Mume wangu aliitwa. Mimi nilitakiwa nipeleke jezi zikaguliwe, maana walitaka kujua zimebaki ngapi kabla ya kumkabidhi mtu mwingine. Nilifika na kifurushi changu, karani akaniambia nisubiri, nikakaa kwenye dawati la nyuma, dawati dogo la mtoto, magoti yakagusa mbao.

Waliongea kwa saa nzima. Mmoja mmoja alisimama akasema mwalimu lazima aondoke. Walitaja kiburi chake, wakataja seremala, wakataja pasi fupi. Mmoja alisema mtu asiyejua lugha ya watu hawezi kuwafundisha watu. Mwinjilisti, ambaye nilimtegemea awe mkali kuliko wote, alisema polepole kwamba yeye alitazama nusu saa ile ya kwanza na hakuwahi kuona mpira kama ule, na kwamba timu haikufungwa na ng'ambo, ilifungwa na sisi. Wajumbe waliangalia chini.

Kisha karani akauliza nani atachukua timu.

Alirudia swali. Yule aliyelalamikia lugha alisema ana shamba. Mwingine alisema ana mguu. Jirani wa jembe, ambaye naye alikuwa mjumbe, alisema kazi hiyo inahitaji mtu aliyesoma. Nilikaa pale nikawatazama wanaume wanane waliokuwa wamenitesa kwa miezi mingi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kile walichokuwa wanakipigania. Wakaanza kurudi nyuma. Bwana Shauri anamheshimu mwalimu, alisema mmoja. Labda wampe mpaka Krismasi, alisema mwingine. Walikubaliana upesi upesi, kama watu wanaokimbia mvua. Mwalimu aendelee, ila aombwe kumsamehe senta fowadi, na aombwe kupunguza pasi.

Nikaona Krismasi. Nikaona mahindi na maharage, na benchi tupu kanisani, na nguzo mlangoni tena, kwa sababu watu hao hao wangetoka mle darasani na kwenda kuwaambia wake zao kwamba mwalimu amekataa kuondoka.

Nikasimama. Nilikwenda mbele na kifurushi, nikakifungua juu ya dawati la karani. Jezi zilikuwa zimekunjwa, kola juu.

Nikasema, "Chukueni nguo zenu. Ziko kumi na moja, ni safi. Mwalimu haji tena."

Karani alishtuka. Mwanamke hakuwahi kusema kwenye kamati ile. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mume wangu. "Mwalimu, wewe unasemaje?"

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ualimu, karibu na ubao. Alizitazama jezi kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atanikana mbele yao, na alikuwa na haki.

Akasema, "Anayezifua ni yeye."

Akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Nikamfuata.

Nyumbani hakunigombeza. Alikusanya mahindi na maharage kutoka mkekani, akayatia chunguni pamoja na mengine, akanipa nipike. Tulikula makande yale. Kwa miezi mitano baada ya siku ile aliongea nami yale tu yaliyohusu watoto na chakula. Mimi nami nilikuwa na hasira zangu, sikumbembeleza. Nilimwona ananihukumu kwa kigelegele na kwa jezi pamoja, na mimi nilitaka ayatenganishe. Siku moja nilimwambia hivyo. Nilimwambia la jezi nililifanya kwa ajili yetu sote na sitaliombea radhi kamwe, lakini lile la uwanjani nilikosa. Alikuwa anashona kiatu. Akasema amesikia. Alianza kuongea nami kidogo kidogo baada ya hapo, lakini si kama mwanzo, na wala mimi sikuwa wa mwanzo.

Timu ilichukuliwa na mdogo wangu. Alirudi kutoka ng'ambo kama shujaa, wakampa jezi zile zile. Alitupilia mbali pasi fupi, akamtoa seremala. Krismasi walifungwa sita. Pasaka walifungwa matano, na mdogo wangu aligombana na nusu ya wachezaji, akapanda lori lake akaondoka. Mimi na yeye tulikuwa hatusemezani. Kabla hatujaacha kusemezana nilimwambia alikwenda ng'ambo kunitia aibu, akaniambia aibu nilijitia mwenyewe kwa mdomo wangu. Tulisemezana tena siku tulipomzika mama, kwa sababu ilibidi tushike sanda pamoja.

Baada ya Pasaka ile kamati ilikuja nyumbani kwetu. Walikuja watatu, karani akiwa mbele, na kuku mkononi. Walisema watu wamemkumbuka mwalimu. Walisema hata kijitoni wanawake wanamtaja. Mume wangu aliwakaribisha viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia ana madaftari ya kusahihisha. Walinigeukia mimi, kana kwamba sasa mimi ndiye kamati. Nilimrudishia karani kuku wake.

Watu wananiuliza, hata wajukuu, kama alistahili kubaki. Kama ni kwa kujua mpira, alistahili kuliko wote waliomfuata, na hilo nililijua hata siku nilipopiga kigelegele. Kama ni kwa kukaa na watu, hakustahili hata siku moja. Wale wanane nao hawakustahili kumhukumu. Sijapata kuwasamehe wote, na kwa umri huu sidhani nitaanza.

Mwaka uliofuata misheni ilimhamishia shule ya Hasamba, kule Mbozi kwenye kahawa. Lori lilikuja asubuhi kuchukua vyombo. Jirani wa jembe alikuja kusaidia kupakia, na mke wake, na wengine wawili watatu waliojifanya wanapita. Niliwaambia vyombo ni vichache, tutavipakia wenyewe. Tulipakia mimi na mume wangu na binti zetu, kitanda, masanduku, mitungi, wao wamesimama wanatutazama, mpaka lori lilipowashwa. Tulishuka Mlowo kupumzisha injini, tukala ndizi za kuchoma, na mume wangu akamwambia dereva kwamba Hasamba wana udongo mzuri. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia akianza mazungumzo mwenyewe.

Tulifika mchana. Mkuu wa shule alitupokea, mtu mchangamfu, akatuonyesha nyumba na mipaka ya shamba. Nyuma ya madarasa vijana walikuwa wanapiga mpira wa matambara. Mkuu akamwambia mume wangu kwamba wana timu, ila hawana wa kuifundisha, na yule aliyekuwepo wamemwondoa mwezi uliopita. Akamwuliza kama anajua mpira.

Mume wangu alisema hajui.

Nilikuwa nimebeba godoro kichwani. Niliingia nalo ndani, nikaanza kufagia.